Karatasi ya Duara

Kabla gari halijaingia, napima karatasi.
Nyeupe, duara, ndogo kuliko kiganja cha mtoto.
Naibana kwa koleo, naiweka mizanini,
naandika uzito wake ikiwa bado haijui kitu.
Kisha gari lapanda juu ya magurudumu ya chuma,
lakimbia maili kumi na moja bila kutoka chumbani,
bomba lake la moshi likinyonywa na mpira wangu.
Jioni napima tena.
Tofauti ndiyo kazi yangu.

Bwana Vandersloot alitoka Michigan
na begi la ngozi na neno moja: haiwezekani.
Alilisema Sacramento mbele ya tume,
akalisema kwa grafu, kwa idadi ya viwanda vitakavyofungwa,
kwa sauti ya mtu anayesoma wasia.
Tume ikamsikiliza hadi nukta ya mwisho.
Akasimama mama mmoja wa Fontana,
akainua pampu ya pumu ya mwanawe,
akaiminya mara moja hewani,
pssh,
akaketi.

Kanuni ikapita.
Sikuamini. Nimeona kanuni ngapi
zikizeeka kabatini, meno yakiwa kwenye glasi!
Hii ilijua pa kuuma:
asiyetimiza, haruhusiwi kuuza kwetu.
Na kwetu ni jimbo ambalo mtu huwasha gari
kwenda kununua mkate mtaa wa pili.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Cha mvunguni kilikuwa pochi zetu.
Wakainama,
kwa kuguna, kwa mawakili, magoti yakilia.
Haiwezekani ikawa ghali mno.
Ghali mno ikawa labda.
Majimbo mengine yakachungulia daftari letu, yakanakili.
Labda ikaja juu ya trela, imefunikwa turubai,
alfajiri ya Jumanne, mvua ikinyunya El Monte.

Nilizunguka nyuma ya gari hilo, mpira mkononi,
nikakosa pa kuuchomeka.
Nikainama. Naye Vandersloot, mvi tele sasa, akainama kando yangu,
tukatazama pamoja mahali ambapo bomba halikuwapo.
“Bi. Arreguín,” akasema, “niliapa kwamba haiwezekani.”
“Uliapa mara mbili,” nikamwambia. “Nilikuwapo.”
Akacheka mpaka akakohoa.

Karatasi niliipima hivyo hivyo, kwa mazoea.
Uzito ule ule.

Sijidanganyi. Matairi bado yanamwaga vumbi,
umeme nao una kwao, na kwao si kusafi kote,
malori ya zamani yangali yanapita chini ya dirisha la baba,
na mapafu ya baba hayarudishwi kwa kura ya tume.
Ila nilikua Azusa nikichora nyumba yetu
na nyuma yake rangi ya kahawia tupu;
miaka saba sikujua kwamba pale pana milima.

Leo, saa nne asubuhi, nimehesabu mikunjo yake.
Mmoja una theluji.
Kesho sijui.