Punje Tatu

Nilimkuta benchini kabla sijafungua maabara,
Risper Abongo, wa mashamba ya Ahero,
tope la mpunga limemkaukia visigino,
sauti imekwaruzika kwa kufukuza kwelea.
"Ngozi nyeusi hii, mwanangu," akaniuliza,
"jua litaipatia wapi?"

Nikamkata punje mbili, hazizidi mchele.
Moja kisogoni, panapoachiwa anga anapoinama.
Ya pili ubavuni, mahali ambapo, nilisema,
ni mume tu na maji ya kuoga wanapajua.
Akacheka. "Marehemu huyo. Andika maji."

Seli nikazilaza ndani ya jeli,
nikatia kimeng'enya, mkasi usioonekana,
ukate pale tu ambapo herufi mbili jirani
zimegandana kwa mionzi ya urujuanimno
kama kurasa za daftari lililonyeshewa.
Kisha umeme. Volti ishirini na tano, dakika ishirini.
Uzi mzima wa vinasaba hautoki kwao.
Uliokatika huitika wito,
huburuza vipande vyake gizani,
na chini ya darubini seli huwa nyota yenye mkia.

Mimi hulipwa kupima mikia.

Hamsini za ubavuni: duara, duara, duara,
mayai kwenye trei.
Za kisogoni,
maikromita kumi na nane.
Ishirini na tatu.
Ishirini na tatu tena.
Moja ikatoka nje ya picha, nikasogeza kioo kuifuata,
nikaifuata,
na hapo ndipo stima ikapotea Kisumu nzima
nikabaki na jicho kwenye bomba jeusi,
nikisikia jenereta ya jirani ikikohoa.

Alilala Nyalenda kwa mpwawe.
Alfajiri, jua halijaamka, nikamkata punje ya tatu,
sentimita moja kutoka kidonda cha jana.
Mikia ilikuwa imefupika!
Kumbe usiku kuna fundi humo
anayeshona bila taa, bila ujira, bila kuagizwa.
Kumi na moja. Tisa. Kumi na moja.
Mno kwa usiku mmoja. Lakini si duara.
Na msimu wa ndege una siku ngapi?
Na yeye ana misimu mingapi?
Fomu ina kisanduku cha umri na kisanduku cha kazi.
Hicho cha tatu hakimo.

Nikamwonyesha picha. Akazitazama kwa muda,
kidole kikifuata mkia mmoja mpaka ulipofifia.
"Na huyu ni mimi?"
"Ni wewe."
"Basi nimekimbia sana."

Nilitaka kumwambia habari za kofia, za kivuli,
za saa sita mpaka saa tisa.
Akanikata: kwelea hawana saa.
Akaondoka jua likichomoza juu ya milima ya Nandi,
na ile bahasha ya kaki niliyomtilia nakala ya fomu
alipofika getini niliona
ameifunika shingoni.