Bomba Likigandia

Januari, saa kumi na moja alfajiri, Ulsan,
nakiwashia taa kituo changu: mtambo mmoja, bomba moja,
na teksi tisa zimekwisha panga mstari
kama wadai mlangoni pa mufilisi.

Mnaniuliza kama gari la haidrojeni ndilo kesho ya barabara.
Mimi ni Pyo Yeon-suk, mjane, nina cheti cha gesi
na glavu mbili mkono wa kulia.
Kesho naijua kwa saa ya ukutani:
dakika tano gari la kwanza, dakika tano la pili,
la tatu mtambo unahema, shinikizo linashuka,
tunangoja.
Subira huvuta heri, walisema.
Waliosema hawakuwa na abiria wa ndege ya saa moja.

Gesi huingia imepozwa kuliko usiku wa mlimani.
Mdomo wa bomba unaota sukari nyeupe,
unauma shavu la gari, hauachii.
Naupuliza kwa mashine ya kukaushia nywele,
ileile ya ujana wangu,
na Maeng Du-sik anachungulia dirishani:
"Hata mke wangu hajanikumbatia hivi."

Du-sik simuulizi kama gari lake ni zuri.
Halingurumi. Linakwenda hadi Seoul bila kuomba kitu,
na linachokojoa ni maji matupu.
Aliyakinga kwa bakuli la bati,
akayapandisha ghorofa ya kumi na moja,
akamwagilia pilipili za mkewe kwenye kreti la samaki.
Zikazaa. Aliniletea mfuko.
Ziliwasha kama pilipili yoyote.

Lakini tazama ng'ambo ya barabara:
kiwanda cha mafuta, na ulimi wa moto juu ya mnara
haujalala tangu nilipoolewa.
Haidrojeni yetu hutoka kule, tumboni mwa gesi asilia,
inapita chini ya lami hadi kwangu.
Moshi haukufa, ndugu.
Moshi umehama nyumba.

Upepo wa baharini utakuja kuyapasua maji, wanasema,
na hapo itakuwa safi kweli.
Mwanangu Ha-ram, fundi umeme, anacheka:
"Mama, umeme unao mkononi.
Unaupasulia maji, unaubana, unaupoza, unausafirisha,
ufike garini uugeuze umeme tena?
Hiyo ni kwenda sokoni kwa kupitia mwezini."
Lake la betri hulichomeka ukutani akalala.

Sikumjibu. Nilikuwa namenya vitunguu saumu.
Usiache mbachao kwa msala upitao,
haya, ila mbachao wetu ni upi?
Dizeli? Baba aliiendesha miaka thelathini,
mito yake tuliichoma baada ya mazishi,
haikutakata.

Machi mtambo ulikufa siku kumi na sita,
kisa valvu moja ndogo kama kidole cha mtoto.
Du-sik akauza gari.
Akapita na jipya, la betri, hana haja ya kusimama.
Akasimama.
"Sina cha kukutilia," nikamwambia.
"Nitilie chai."

Juzi likaingia lori la bandarini, jipya, la haidrojeni.
Dereva ni binti, Gu Mi-rang, kofia imegeuzwa nyuma.
Betri ya kulivuta hili, anasema,
ingekula mzigo kabla ya mwenye mzigo.
Nikavuta bomba. Halikufika.
Nikavuta tena, kama mtu avutaye shuka fupi. Halikufika.

Sasa wahandisi wamekuja kupima sakafu:
bomba refu, la malori, la mabasi.
"Na teksi je?" nikauliza.
Mmoja akajikuna shingo,
akaendelea kupima.

Basi msinisukume niseme ndiyo, au la.
Alfajiri zimebaki teksi nne.
Mdomo wa bomba umegandia tena,
naupuliza polepole.
Ukiachia, nitaona
kesho inaondoka na nani.