Moja kwa Sabini na Mbili

Mkuku kwanza: kipande cha mpea
alichonikatia jirani, Enos Zwicker, kabla theluji haijafunga njia.
Kisha mataruma, arobaini na moja,
kila moja nikalipima mara tatu
kwa vyombo vilevile nilivyokwangulia meno ya bandia
miaka thelathini na moja hapa Lunenburg,
mengi yao ya wavuvi.

Sentimita themanini na saba, omo hadi tezi.
Mtu mzima humo ni nusu ya njiti ya kiberiti.

Manowari Tantramar. Ndogo, ya kusindikiza misafara.
Mjomba Obed, mpishi wake, alituandikia
kwamba hata ikiwa imefungwa gatini
ilimtapisha paka.

Picha ninayo moja, nyeusi na nyeupe,
kwa hiyo rangi ni ubishi.
Karatasi za wizara zinasema kijivu.
Alphée Surette anasema buluu iliyochujuka,
"kama shati la fundi bomba."
Nimefuata shati.

Surette alikuwa mtoa ishara kwa taa. Ana miaka tisini na mbili
na ndiye wa mwisho.
Hunijibu kwa penseli, herufi kubwa, kwa ajili ya macho yake:
kidirisha cha tatu kushoto kilizibwa kwa bati;
omo ilibonyea, tuligonga gati siku ya kwanza, nahodha akalia;
viazi vilikaa nyuma ya bomba la moshi, vikanuka moshi.
Nikaibonyeza omo kwa mgongo wa kijiko.
Nikachonga viazi, punje za mtama zimewazidi ukubwa.

Ndani nimeweka jiko, sufuria tatu,
kitanda cha mjomba na blanketi la kipande cha soksi.
Halafu nikafunika sitaha juu yake, nikatia gundi.
"Sasa nani ataliona?" akauliza Althea, mke wangu.
Hakuna.
"Ndivyo ilivyokuwa," nikamwambia.

Zikabaki nyavu,
zile za ubavuni, za kupandia watu waliookolewa majini.
Nane. Nikazisuka kwa nyuzi za kusafishia meno, wiki mbili,
fundo kwa fundo chini ya lenzi,
nikaziteremsha zote, zikaning'inia vizuri mno.
Nikampelekea Surette picha.

Jibu lilikuja na maneno mawili:
USIKU UPI?

Na nyuma ya karatasi, herufi ndogo, zimeteleza nje ya mistari:

Novemba. Meli ya mafuta ilikuwa inaungua.
Nyambizi ilikuwa chini yetu, amri ikatoka tusisimame.
Walikuwa na taa nyekundu mabegani, ndogo.
Tulipita katikati yao.
Nyavu zote zilikunjwa, ila Obed aliteremsha moja,
ya nyuma, kulia, peke yake, aproni kiunoni.
Tulikwenda kasi. Mmoja aliigusa.
Wakamwambia aipandishe.
Akaipandisha.

Mjomba alipokuja kwetu Jumapili
hakumwachia mtu kitambaa cha meza.
Alikikunja mwenyewe, kwa kukiviringisha, kikaza,
akakaa nacho mapajani mpaka chai ipoe.
Mama aliita huo unadhifu wa meli.

Sikujua kwamba mfano unataka tarehe.
Plani haina tarehe, ina vipimo tu,
na mimi vipimo sikukosea hata nywele.
Nimekwenda tezi, nimekwenda omo,
na marejeo ni ngamani, kwenye kitanda kile
nilichokigandisha gizani kwa mikono yangu.

Nyavu saba nimezikunja na kuzifunga.
Ya nane iko mezani, karibu na taa,
nyepesi kiasi kwamba nikipumua inasogea.

Theluji haijakoma tangu saa tisa.
Gundi imekauka kichupani.
Duka la Corkum hufunguliwa saa tatu,
kama njia itakuwa imefukuliwa.