Mfano wa Maji

Fundi Ezaru alinifunza umeme kwa maji,
kibandani kwake mtaa wa Oli, Arua,
kati ya betri za sola na redio zilizokauka koo.
Betri ni tangi, alisema. Waya ni bomba.
Tangi likiinuka, maji husukuma kwa nguvu: hiyo ndiyo volti.
Nami niliyebeba madumu tangu kung'oka meno ya utoto
nikauelewa umeme kwa mabega.

Siku nne nilikuwa bingwa.
Siku ya tano nilikata waya wa betri ya kinyozi,
nikauzungushia mkanda mbio mbio
usije ukadondoka usiku kucha, betri ikaamka tupu.
Ezaru alicheka hadi akakalia sanduku la spana.
"Mkanda umefunga vyema. Sababu ndiyo mbovu.
Bomba likikatika, maji humwagika.
Umeme ukikatiwa njia husimama palepale, kama punda."
"Punda naye si mfano?"
"Ni mfano. Naye ana pa kuvujia.
Usiutupe mfano kwa kuwa unavuja, kijana,
ndoo gani ya kwetu haivuji?
Jua tu ni wapi, uweke kidole."

Mwezi wa saba miguu ya mama ilivimba,
viatu vya kanisani vikamkataa.
Daktari alikuwa mpole, alitafuta neno la kwetu:
"Moyo ni pampu, mama Ayikoru. Yako imechoka,
ndiyo maana maji yanatuama huku chini."
Mama akaitikia kwa kichwa. Pampu anaijua.
Ya kisima cha Ediofe ilipokufa
ni yeye aliyezunguka na daftari, mia tano tano,
hadi mpira mpya ukanunuliwa
na maji yakarudi kabla ya Jumapili.
Akafungua fundo la leso yake.
"Mpira wake unauzwa wapi? Bei gani?"

Daktari akaitazama kalamu.

Nikajua: ni hapa.
Hapa ndipo pa kuweka kidole,
na mimi ndiye fundi niliyepo.
Nikatafuta. Taa inayofifia, hapana.
Betri kuukuu, ambayo huchajiwa ikajaa, ikaisha kabla ya magharibi,
karibu, lakini betri kuukuu
tunaitupa nyuma ya kibanda.

Nikapiga magoti, nikaushika mguu wake,
nikabonyeza juu ya kifundo, taratibu.
Nilipotoa kidole shimo lilibaki,
dogo, la mviringo, halikurudi haraka.
Tuliliangalia wote watatu.
Halikufanana na kitu.