Alama Moja

Mtihani wa kidato cha pili, kurasa nne,
kesho saa mbili uwe umefungwa kwenye bahasha,
na mimi hapa Ngamiani, Barabara ya Nane,
nabishana na duara lililokatwa mshazari.

Fonti ya kwanza imelichora kama sifuri
iliyokwaruzwa na ukucha.
Ya pili imelivimbisha,
mabano ya pembeni yanalisogelea kwa woga.
Ya tatu hainalo kabisa: yanipa kisanduku,
kitupu kweli, ila si utupu ninaoutafuta.

Mwalimu Shekalaghe ameketi juu ya kreti la soda,
vumbi la Pongwe bado liko kwenye pindo la suruali,
anamenya chungwa kwa mzunguko mmoja, ganda halikatiki.
"Binti Mntangi, weka yoyote. Watoto wataelewa."

Watoto wataelewa.
Mwaka ule stensili ilivuja wino,
nikaitazama seti tupu nikaona sifuri,
nikajibu sifuri, nikapewa sifuri.
Alama moja ilinipita kwa ajili ya alama moja,
na orodha ya waliofaulu ikakatwa juu ya jina langu.
Sikulia. Nilikwenda kujifunza kuchapa.

Basi nakuza ukurasa hadi asilimia mia nne.
Ile ya "ni memba wa" isifanane na e ya embe.
R ya namba halisi iwe na mgongo wa pili,
isisimame kama R ya Rukia.
Kipeuo kinyooshe paa mpaka tarakimu ya mwisho;
nani huezeka nyumba akamwacha mtoto mmoja mvuani?

Ya tano ndiyo. Duara la mviringo kamili,
mkato umechungulia juu, umechungulia chini,
kama sindano katikati ya kifungo,
na wino wake una uzito uleule wa maneno jirani.
Sifuri nayo imebaki nyembamba, ndefu kama yai.

Nahamishia faili kwenye mashine ya kuchapia:
visanduku, visanduku, ukurasa mzima.
Mwalimu acheka hadi chungwa lampalia.
"Tanga hii! Waja leo, waondoka leo!"
Kumbe sikuifungasha fonti ndani ya faili.
Nafungasha. Natuma tena.

Karatasi ya kwanza yatoka, bado ya moto.
Swali la tisa ni la seti.
Nachukua penseli, nalijibu,
kisha naichana nakala hiyo vipande vidogo vidogo,
mtihani usije ukavuja.