Fomu ya Wasioandika Tasnifu

Krediti thelathini na sita, Janelle,
na nusu yake ziwe za ngazi ya juu.
Takwimu: lazima. Udongo: lazima.
Fiziolojia ya mimea au elimu ya magugu: hapo uchague.
Walimu watatu joponi, mmoja atoke idara nyingine,
asiyejua ngano, akuulize maswali ya kitoto.
Tasnifu: hakuna.

Ndivyo nilivyokusomea kwa simu Novemba ile,
nawe uko ghalani, mashine ya kukaushia mahindi
ikinguruma nyuma yako, hata neno "takwimu"
nikalirudia mara tatu.
Ukauliza, "Kama hakuna tasnifu, naandika nini?"
Nikasema, "Jina lako. Hapa, na hapa, na tarehe."
Ukacheka. Mimi sikuwa natania.

Miaka ishirini na saba nakagua fomu katika chumba hiki.
Nyuma yangu kuna rafu ya tasnifu, migongo myeusi,
herufi za dhahabu, na mfunguaji wake ni vumbi.
Wa njia yenu mna faili moja moja la khaki,
jembamba kama bahasha ya mshahara wangu.
Vijana wa maabara huiita njia ya mkato.

Mkato!
Uliipita usiku, miaka minne, krediti tatu tatu,
ukishafunga ofisi ya ushirika,
ukishatukanwa na wenye mashamba
kwa kuwa mvua iligoma baada ya mbolea uliyowauzia.
Mtihani wa takwimu uliufanyia garini,
nje ya hospitali ya Grafton, theluji hadi magurudumuni,
baba yako ndani akiwekewa nyonga mpya.
Ulipata B. Ukanipigia kuuliza kama B inatosha.
Inatosha.

Kisha Aprili nikahesabu. Nikahesabu tena.
Thelathini na tano.
Semina! Krediti moja, imejificha chini ya ukurasa.
Mali bila daftari huisha bila habari;
mimi ndiye daftari, na habari ilikuwa mbaya:
dakika arubaini mbele ya idara, wiki ya pili ya Mei.
Ukanyamaza. Kwenu Mei haina wiki ya pili.
Mei ni siku sita kavu katikati ya tope,
na azikosaye huvuna riba ya benki.

Basi ukatuhutubia kutoka ndani ya trekta.
Sisi kumi na mmoja chumbani, mapazia yameshushwa,
uso wako ukutani, mkubwa, vumbi nyusini,
na dirishani bonde zima la Mto Mwekundu,
tambarare hadi macho yachoke.
Mada: chumvi inayopanda juu kando ya mitaro.
Sentensi ya kwanza ililiwa na upepo.
Profesa Dvoracek, ambaye semina zote huzilala,
akainua kalamu: "Na ile kona ya kaskazini,
mbona yenyewe imepona?"

Ukageuza shingo, ukaitazama kona yenyewe.
"Sijui," ukasema.
"Nimeichimba mara tano. Bado sijui."

Nimewasikia watu wakitetea kurasa mia mbili
pasipo kulithubutu neno hilo.
Dvoracek akaandika kitu. Hakulala tena.

Fomu yako imefika leo kwa posta, saini tatu,
na pembeni alama ya kidole gumba, udongo mweusi,
imefunika nusu ya neno "tasnifu".
Kanuni yasema fomu ikichafuka iombwe nyingine.

Nimeigonga mhuri.
Nimeiweka kabatini kati ya Krueger na Langseth.
Wino umekaribia kwisha, Janelle,
herufi ya mwisho haikushika vizuri.
Ila yasomeka, ukiiinamisha kidogo kwenye mwanga.