Kiti cha Kulia

Asekenye, uliponiuliza kwenye simu
rubani siku hizi analipwa ngapi,
nilisema mtandao unakatika.
Haukukatika.

Kaa, dada, nikupe hesabu.
Hapa Entebbe mshahara unatembea kinyumenyume:
kila saa ninayoruka, mimi ndiye ninayelipa.
Nimenunua saa mia tano kwa kampuni
kama mtu anavyopimiwa sukari dukani,
na kila jioni Nabukenya wa ofisini
analamba kidole, anafunua daftari,
anapunguza.

Ng'ombe mmoja wa baba huruka masaa matatu.
Kwenda Arua: miguu ya nyuma na mkia.
Kurudi: mbavu.
Yule mwekundu, aliyezijua kona za shamba
kuliko mimi niliyemfuata na plau,
aliishia juu ya Ziwa Kyoga
siku tulipozunguka tukingoja mvua ipishe.
Nilimsikia akiisha.
Shamba la upande wa Awoja bado lipo,
saa mia moja na kumi hivi,
kisha linafuata deni la chama cha akiba,
na humo mna jina lako, najua.

Hayo ni ya kwetu. Ya abiria ni mengine.

Jumanne, safari ya nne tangu alfajiri,
homa imenipanda, mgongo unatetemeka chini ya shati jeupe,
Kapteni Byamukama macho mekundu
kama mtu aliyekesha matangani.
Kati yetu na uwanja, wingu limesimama juu ya ziwa,
jeusi, halina mlango.
Akasema, "Tunapenya."
Nilikuwa na neno. Moja tu: turudi.
Lilifika hadi kwenye meno.
Halafu nikakumbuka ni nani hutia sahihi kitabu changu,
ni nani anaweza kusema kesho, "Huyu mbishi, leteni mwingine,"
na fedha hazirudi, iliandikwa kwenye mkataba
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Kuku mgeni, kamba mguuni,
hata futi elfu tisa juu ya ardhi.
Nikalimeza.

Nyuma yetu watu kumi na saba.
Mama mwenye gomesi ya zambarau, keki ya harusi mapajani.
Mzee anasinzia, viatu kavua.
Wanaamini aliyeketi kiti hiki alichujwa kama chai.
Kweli nilichujwa, dada,
lakini kichujio kilikuwa mfuko.
Okiror, aliyetushinda sote darasani Soroti,
ambaye angelisema lile neno bila kupepesa,
yuko Lira anauza betri za sola.
Kwao hawakuwa na ng'ombe.

Tulitupwa, tukanyanyuliwa, tukatupwa tena.
Keki ilipasuka. Mtoto alilia hadi sauti ikamkauka.
Tulitua.
Kapteni akanipiga bega: "Kijana mzuri. Hana maneno."
Akatia sahihi.
Saa moja na dakika ishirini za kimya changu,
kwa wino wa bluu.

Kwenye benchi nje ya ofisi alikuwa ameketi mvulana,
bahasha ya kaki juu ya magoti,
matope ya kwetu yamemkaukia kwenye soli.
Alisimama aliponiona, akaniita kapteni.
Akauliza kama kazi hii inalipa.
Nilijifanya napangusa wadudu wa ziwani kwenye mkono wa shati.
Nilipangusa muda mrefu.

Baba anataka siku moja nipite chini juu ya Soroti
aone alichonunua.
Mwambie mawingu.
Ila ile nira inayopigwa moshi jikoni,
msiichanje kuni.